Matuta ya Uluguru na somo la kupanga mandhari ya miteremko

Kupanga mandhari ni kuamua maji yapite wapi, udongo ushikwe na nini na watu walitumie eneo kwa namna gani, liwe ua wa nyumba, bustani ya umma au mlima mzima. Katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, uamuzi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji, huanzia huko.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi uchimbaji uliufukia udongo wenye rutuba na kuufunua ule hafifu. Julai 1955 upinzani ulizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango huo ukaachwa.

Waluguru walikuwa na njia yao: kulaza magugu kwa mistari inayokata mteremko, kisha kuyafunika kwa udongo. Yakioza hurutubisha shamba na kupunguza kasi ya maji.

Kanuni hiyo yafaa hata kwa kiwanja cha mjini chenye mteremko. Udongo wa juu utengwe kabla ya kuchimba na urudishwe baadaye. Kingo zikate mteremko na zipandwe nyasi zenye mizizi mirefu. Mfereji usimwage maji kwa jirani. Na panapohusika eneo la jumuiya, watumiaji wake washirikishwe kabla ya kazi kuanza.