Maji Yanayokwenda Kinyume: Jeli, Umeme na Utambuzi wa Selimundu Kanda ya Ziwa

Historia ya selimundu, ugonjwa ambao watu wengi wa Kamanga, Sengerema na mwambao wa Ziwa Victoria wanaujua kwa jina la siko seli, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya damu na malaria. Ni nadra kutajwa jeli, yaani kitu laini kilichojaa maji yaliyonaswa katika wavu wa molekuli ndefu, ingawa ndiyo iliyouwezesha utambuzi wa ugonjwa huo kuingia katika maabara za kawaida, na ingawa ina tabia ya kuyasukuma maji yake umeme unapopitishwa ndani yake.

Tabia hiyo ilionekana kwanza katika udongo wa mfinyanzi. Ferdinand Friedrich Reuss, aliyefundisha Moscow, alichapisha mwaka 1809 jaribio ambalo ndani yake mirija miwili ya kioo yenye maji ilichomekwa katika udongo mbichi na kuunganishwa na betri. Maji yakapanda katika mrija wa ncha hasi, huku chembe za udongo zikielekea ncha chanya. Maelezo ya kinadharia yalisubiri hadi mwaka 1879, Hermann von Helmholtz alipoonyesha kwamba uso wa kitu chenye chaji huvuta karibu yake tabaka la ioni zenye chaji iliyo kinyume, na kwamba umeme unapozisogeza ioni hizo, nazo huyakokota maji. Mwendo huo huitwa elektroosmosi. Katika jeli yenye chaji huwa na nguvu ya pekee, kwa kuwa chaji zimefungwa katika wavu na haziwezi kuhama, ilhali ioni zilizo ndani ya maji ziko huru. Mwani unaolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989 hutoa jeli ya namna hiyo hiyo, karajinani, ambayo nyuzi zake zimejaa salfeti zenye chaji hasi, japo mkulima huuza kilo za mwani na si chaji.

Umeme na selimundu vilikutana mwaka 1949, mwaka ambao kwa Afrika Mashariki ulikuwa na uzito wa aina yake. Nchini Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba miongoni mwa Waamba, chini ya milima ya Ruwenzori, takriban watu 45 katika kila 100 walibeba chembe ya urithi ya selimundu. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu kutoka jamii mbalimbali za nchi hiyo na kubaini kwamba wabebaji walizidi asilimia 20 pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini hawakufika asilimia moja nyanda za juu. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfikisha, mwaka 1954, kwenye uthibitisho wake kwamba ubebaji hukinga dhidi ya malaria. Hata hivyo watafiti hao walitegemea hadubini, ambayo huonyesha seli zikijikunja kama mundu lakini haimtenganishi kwa uhakika mbebaji na mgonjwa. Jibu lilitoka California, ambako Linus Pauling na wenzake, mwaka huo huo wa 1949, waliipitishia umeme himoglobini, protini inayobeba oksijeni, wakagundua kuwa ile ya wagonjwa ina chaji hasi pungufu na kwa hiyo husafiri kwa kasi tofauti.

Mtambo walioutumia, uliobuniwa na Msweden Arne Tiselius, ulikuwa mkubwa na ghali, na haikutarajiwa uenee katika hospitali. Kilichoufungua mlango ni jeli: Oliver Smithies alitumia wanga mwaka 1955, na wengine agari, inayotengenezwa kwa mwani mwekundu. Hapo ndipo maji ya Reuss yalipojitokeza tena, kwa kuwa agari ya kawaida ina salfeti, na protini zilipokuwa zikisafiri kuelekea ncha chanya, maji ya jeli yalikwenda kinyume kuelekea ncha hasi na kuzirudisha nyuma zile zenye chaji haba. Wanakemia waliiona hali hiyo kuwa kasoro. Hukumu hiyo ilikuwa kali mno, kwani mwishoni mwa miaka ya 1950 ilionekana kwamba agari ileile yenye uchafu, ikichanganywa na sitreti, huitenganisha himoglobini ya selimundu na aina nyingine zinazofanana nayo kwa mwendo katika vipimo vya kawaida, jambo ambalo jeli safi haikuliweza vizuri.



Katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ng'ambo ya ghuba kutoka Kamanga, jeli ilitumika mwaka 2017 na 2018 kupima takriban sampuli 17,000 za watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, zikiwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Takriban mtoto mmoja katika kila watano alikuwa mbebaji, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100 alikuwa mgonjwa. Njia iliyotumika huiacha kila protini isafiri hadi mahali ambapo chaji zake chanya na hasi zinalingana, kisha isimame; kwa hiyo huhitaji jeli iliyopunguzwa chaji kadiri iwezekanavyo, maana maji yakianza kutembea, protini hazitulii mahali pake. Vipimo vipya vya haraka, ambavyo pia vimejaribiwa Mwanza, havitumii jeli wala umeme: kingamwili huitambua himoglobini kwenye kijikaratasi, na maji hupanda yenyewe, kama yapandavyo katika utambi.