Maneno ya Mji: Buku ya Maboyi wa Elisabethville na Makaratasi ya Vyama Vyetu

Tukisikia neno mila, wengi wetu tunafikiri mara moja ngoma, ndoa na matanga. Ni kweli. Lakini iko mila nyingine ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena: mtu akifika katika mji wa kigeni, kabla ya kupata hata kitanda kizuri, anatafuta wenzake wa kufanya nao chama. Chama cha watu wa kwao, chama cha watu wa kazi moja, chama cha kuzikana, likelemba ya akina mama. Mji wetu wa Kalemie ulikua hivyo. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka wa 1915, ikaleta watu wa kila lugha. Bandari, makaa ya mawe ya Greinerville na kiwanda cha nguo cha Filtisaf viliwaita wengine. Kwa watu hao waliokuwa mbali na ukoo wao, chama ndicho kilikuwa ukoo.

Swali letu ni hili: vyama hivyo vimetuachia maandishi gani? Tunauliza kwa sababu historia ya wafanyakazi wa Katanga, kwa sehemu kubwa, imehifadhiwa na wale waliowatumikisha. Serikali ya kikoloni ilikuwa na karani wake, kompani zilikuwa na biro zao, wamisionari walikuwa na daftari zao. Wakati wa uhuru, mwaka wa 1960, makaratasi mengi ya serikali yalipelekwa Bruxelles. Katika makaratasi ya namna hiyo mfanyakazi anaonekana kama jina, mshahara, kosa na adhabu. Chama chake kinaonekana hasa pale wakubwa walipokishuku. Kwa miaka mingi wafanyakazi weusi hawakuruhusiwa hata kuwa na sendika. Sheria ya mwaka wa 1946 iliwafungulia mlango, tena mlango mwembamba, chini ya macho ya serikali.

Ndiyo maana tunataka kuzungumza juu ya buku moja ndogo iliyotoka Lubumbashi, zamani ikiitwa Elisabethville. Mwaka wa 1965 bwana mmoja kwa jina André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mitaa ya mji ule, historia ya mji wao. Aliipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lakini ndani yake aliandika Kiswahili cha kwetu, cha Katanga. Inaanza tangu wazungu walipoingia nchini, inapita katika vita viwili vikubwa vya dunia, inafika mpaka siku za mwandishi mwenyewe. Na katikati ya habari hizo zote amesimama boyi: kazi yake, mshahara wake, posho yake, maisha yake karibu na bwana.

Tufikiri kidogo boyi alikuwa nani. Elisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika pale. Kompani ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilikuwa na njaa ya watu. Walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, baadaye Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Wale wa mgodi walikaa kambini kwa wingi, na hata kugoma waliweza. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Lakini boyi angegoma na nani? Alikuwa peke yake katika jiko la mzungu. Asubuhi anapika chai, mchana anapiga pasi, usiku anaosha sahani, na kila boyi ana bwana wake mbali na bwana wa mwenzake. Kwa mtu wa namna hiyo chama si jambo la starehe. Bila chama yeye hana mahali pa kusema "sisi".

Halafu tusisahau jambo jingine. Boyi aliona. Wazungu waliongea mezani mbele yake kama vile hana masikio. Alijua nani ana deni na nani anamwogopa mkubwa wake. Makaratasi ya kompani hayana habari hizo.

Kuna watu wanaouliza: kwa nini aliita historia "vocabulaire", neno ambalo kwa Kifaransa ni orodha ya maneno? Sisi tunaona jibu liko katika Kiswahili chetu chenyewe. Kwetu neno si lile la kusemwa tu. Mtu akikwambia "kule nyumbani kuko maneno", unaelewa kuna mambo, kuna kesi, kuna habari ya kukaa chini na kusikiliza. Maneno ya mji ndiyo mambo ya mji. Tukisoma hivyo, jina la buku ile halishangazi tena.

Bwana Yav hakufuata Kiswahili cha vitabu. Aliandika kama anavyosema, hapa ameunganisha maneno mawili, pale amekata neno moja vipande viwili. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliposhika kazi ya kuitoa, alisaidiwa na bwana Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi. Ilibidi Kalundi aisome kwa sauti, ndipo maana ikatoka. Ilichapishwa mwaka wa 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hapa kuna fundisho kwa sisi tuliosoma shule. Mara nyingi tunacheka barua ya mzee kwa sababu ya makosa ya tahajia. Tuisome kwa sauti kwanza. Pengine kosa liko katika macho yetu.

Tena tutazame ule mwaka, 1965. Mwaka mmoja tu nyuma yake, Juni 1964, mji wetu, ukiitwa bado Albertville, uliingia katika vita, na Jason Sendwe akauawa hapa. Sendwe huyo alikuwa kiongozi wa Balubakat, ambayo nayo ilianza kama chama cha watu wa asili moja kabla ya kuwa chama cha siasa na kusimama upande wa Lumumba. Katika nyakati kama zile watu hukimbia na watoto na sufuria. Sanduku la makaratasi hubaki nyuma. Waliokuwa maboyi wa Elisabethville waliandika wakati nchi yote ilikuwa bado inatetemeka. Hawakungoja amani kamili. Kama wangengoja, leo tusingekuwa na kitu.

Sasa tugeuke kwetu. Katika nyumba nyingi za Kalemie liko sanduku la baba au babu: daftari ya michango, orodha ya waliozikwa na chama, barua ya kuomba kiwanja, picha ya kamati yenye tarehe nyuma. Baba akifa, mchwa anaingia, au watoto wanauza karatasi sokoni kufungia karanga. Wazee wa reli na wa Filtisaf wanazidi kupungua, na kiwanda chenyewe kilifungwa.

Hatuhitaji nyumba kubwa ya nyaraka ili kuanza. Kila chama kichague mtu mmoja wa kutunza daftari, na nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Kila picha iandikwe majina nyuma, angali yuko anayewatambua. Na mara moja kwa mwaka, siku ya mkutano, daftari ya zamani isomwe kwa sauti mbele ya vijana. Tutasikia fulani alitoa franka ngapi, nani alikataa, nani alizikwa na wenzake wakati hakuwa na ndugu hata mmoja hapa ziwani. Hayo ndiyo maneno ya mji wetu. Tusipoyaandika sisi, yatabaki yale ya biro ya kompani peke yake.