Siku moja ndani ya pori ya Kahuzi-Biega

Kutoka muji wa Bukavu mpaka Tshivanga, kwenye mlango wa Parke ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ni kilomita karibu 30 tu. Gari linapita Mudaka, linafika Miti, kisha linaacha njia ya Kavumu na kukata kushoto kwenye barabara ya Walikale. Mashamba yanaendelea mpaka karibu kabisa: mihogo, ndizi, kisha majani ya chai. Halafu mashamba yanaisha mara moja na miti inaanza, mirefu na myeusi, na baridi inaingia ndani ya gari. Wakaaji wengi wa Bukavu, Kabare na Kalehe wanajua jina la pori hii tangu masomo ya msingi, na bado hawajaikanyaga hata siku moja.

Jina linatoka kwa milima miwili, volkeno za zamani zilizozimika: Kahuzi, wenye metre 3308, na Biega, wenye metre 2790. Pori yenyewe ni ya zamani sana. Wataalamu wanasema kwamba, wakati hali ya hewa ya Afrika ilipokauka maelfu ya miaka iliyopita na mapori mengi yakapungua, milima ya upande huu wa Bonde la Ufa ilibaki na mvua, na wanyama na mimea wakapata kimbilio humo. Ndiyo maana leo kuna ndege na mimea ambayo haionekani pengine duniani. Wabelgiji waliifanya sehemu ya Kahuzi kuwa akiba mwaka 1937. Parke ilianzishwa mwaka 1970, ikiwa ya mlimani tu. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka pori ya chini, upande wa Shabunda na Walikale, ikafika kilomita za mraba 6000. UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1980.

Mtu wa ziara ya siku moja haoni yote hayo. Anaona sehemu ya juu, ile ndogo, na inatosha.

Kitu kinachowaleta wageni ni ngagi. Hawa ni ngagi wa Grauer, wakubwa kuliko ngagi wote, na duniani kote hawaishi pengine ila mashariki ya Kongo. Dume mzee mwenye manyoya meupe mgongoni anaweza kufika kilo 200. Ni hapa Kahuzi-Biega, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ngagi walizoezwa kuona watu bila kukimbia. Kazi hiyo aliiongoza Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyesimamia kuanzishwa kwa parke, lakini waliomwonyesha njia walikuwa Batwa waliozaliwa ndani ya pori.

Namna ya kuwatafuta haijabadilika sana. Ngagi wanatengeneza vitanda vipya vya majani kila jioni. Asubui wafuata nyayo wanaanzia kwenye vitanda vya usiku, wanaangalia majani yaliyovunjwa na mavi, wanafuata. Mara ingine ni nusu saa, mara ingine ni masaa mane ndani ya matope na miiba, na panga mbele ikifungua njia. Wakipatikana, wageni wanapewa saa moja. Hawazidi watu wanane, hawakaribii sana, na wanavaa barakoa juu ya mdomo na pua. Barakoa si mchezo: mafua ya mtu yanaweza kuua ngagi. Mwenye kukohoa anarudishwa mlangoni hata kama amekwisha kulipa, na mtoto wa chini ya miaka 15 hapelekwi kwa ngagi.

Lakini si lazima kulipia ngagi ili kufurahia pori. Kuna njia za kutembea kwa miguu pamoja na kiongozi, na hizo zinagharimu kidogo. Mlima Bugulumiza unafaa kwa mtu asiyezoea kupanda. Mlima Kahuzi unaomba magoti mazuri: njia inapita ndani ya miti mikubwa, inaingia kwenye mianzi iliyosongamana mpaka mchana unafanana na jioni, na kule juu kabisa miti inakuwa mifupi, imevikwa ndevu za kijivu zinazoning'inia. Kukiwa hakuna ukungu, mtu anaona ziwa Kivu chini. Kukiwa na ukungu haoni kitu, na hilo linatokea mara nyingi.

Tshivanga iko juu ya metre 2000, kwa hiyo koti na viatu vya bote ni vya lazima hata wakati wa jua, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, ambao ndio wakati njia zinakauka. Kuanzia mwezi wa tisa mvua inarudi na machipukizi ya mianzi yanatoka. Ngagi wanayapenda sana, wanapanda kuyafuata, na pengine wanaonekana kwa urahisi zaidi. Chakula na maji mtu abebe mwenyewe, na mifuko ya plastiki arudi nayo.

Wenye watoto wadogo wanaweza kumalizia siku Lwiro, si mbali na Miti. Kule kuna majumba ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji, mwaka 1947, na pembeni yake kituo kinacholea sokwe-mtu na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Sokwe-mtu peke yao ni zaidi ya 100. Karibu kila mmoja wao alichukuliwa mchanga, baada ya mama yake kuuawa kwa ajili ya nyama.

Utulivu wa pori hii una historia nzito. Batwa waliishi ndani yake tangu vizazi na vizazi: asali, dawa, nyama, makaburi ya wazee, vyote vilikuwa mule. Parke ilipoanzishwa na kupanuliwa, maelfu yao walifukuzwa bila kupewa udongo mwingine. Wakabaki pembeni ya vijiji vya Kabare na Kalehe, wakilima kwenye mashamba ya wengine ili kupata chakula cha siku. Mwaka 2018 baadhi yao waliamua kurudi ndani. Kukatokea mapambano na walinzi, na watu wakakufa pande zote mbili. Miti nayo ilikatwa mingi sana kwa kuchoma makala, na makala hayo hayakubaki kwa Batwa: yalishuka kwa magunia mpaka kwenye masoko, na faida kubwa ilikwenda kwa wachuuzi na kwa watu wenye silaha.

Mwaka 2024 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake juu ya kesi hii. Ilisema kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa, na iliomba warudishiwe udongo wao, walipwe na waombwe msamaha. Sheria ya Kongo ya mwaka 2022 juu ya Wambilikimo wenyeji nayo inatambua haki zao. Kutoka karatasi mpaka kwenye udongo kungali mbali.

Vita navyo vimeacha alama. Katika sehemu ya mlimani tembo walimalizwa katika miaka ya vita za 1996 na 1998, na ngagi wa sehemu hiyo wakapungua karibu nusu. Mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda, wachimbaji waliingia kwa wingi pori ya chini na kuishi kwa nyama ya wanyama. Tangu 1997 parke iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mwenye kutaka kwenda ni kuuliza habari ya siku hiyo hiyo, si ya mwezi uliopita. Tangu Kavumu na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, hali ya barabara na ya parke inaweza kubadilika kati ya siku ya posho na siku ya yenga. Bei pia aulize mbele ya kutoka: raia hawalipi sawa na wageni wa inje, na ziara ya ngagi haifanani na kutembea kwa miguu. Akifika mlangoni, aombe risiti. Na kama kiongozi aliyepewa ni Mutwa, amwombe amwonyeshe miti ya dawa, juu majina yake mengi hayajaandikwa kwenye kibao chochote kando ya njia. Kutoka Tshivanga kurudi Bukavu, afazali kuondoka mbele ya saa kumi, kwani barabara ya Miti ikinyeshewa inateleza na usiku si wakati wa kukwama mule.