Kamba ya Kombeo

Kware hatukosi mawe. Mtaa wenyewe umeitwa kwa machimbo, kwari ya Kizungu iliyopita kwenye ndimi zetu mpaka ikafanana na jina la ndege. Kilichotusumbua mimi na susu Julai ile ni kamba.

Susu alikuwa ametoka Makueni kuja kukaa nasi, kwa sababu alikuwa ameanza kusahau. Jina langu, dawa, kama ameshakunywa chai. Mama akampandia mistari minne ya mtama nyuma ya ploti, awe tu na kitu cha kuangalia. Masuke yalipotoka, ndege wakaja. Susu aliwatazama siku mbili. Ya tatu akaniita: "Mjukuu wangu, nitafutie kamba ya kombeo."

Nilidhani anataka manati, ile ya panda na mpira wa tyubu. Kombeo halina mpira. Ni kamba mbili na kikalio cha jiwe katikati. Unafunga ncha moja kidoleni, unashika nyingine, unazungusha, unaachilia. Wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza katika kisa cha Daudi na Goliathi, na hakuna mwalimu aliyetuambia kamba ya Daudi ilikuwa ya nini.

Nikaenda hadiwea nikanunua mita tatu za nailoni ya buluu. Susu akaivuta kidogo, akanirudishia. "Hii inanyumbuka." Mimi mjuaji nikaifunga hivyo hivyo. Sasa, kamba inayonyumbuka inakula nguvu ya mkono wako, halafu huwezi kujua jiwe litatoka saa ngapi. La kwanza lilitoka likielekea nyuma, kwenye dirisha la jirani. Nililipa kioo.

Usiku nikaanza kusoma. Strabo, Mgiriki aliyeandika miaka kama 2,000 iliyopita, anasema wapiganaji wa visiwa vya Balearic walibeba makombeo matatu kichwani, la masafa marefu, la mafupi na la katikati. Na anataja walichosukia: nyasi za kamba, nywele, au kano za wanyama. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa 1922, kulikuwa na makombeo ya kitani. Kule Andes walisuka sufu ya llama. Kila mtu alichukua kilichoota au kilicholala mlangoni kwake, almradi hakivutiki.

Mlangoni kwetu je? Susu alitaka katani (badili irabu moja tu kutoka kitani cha Farao), nami nikaona hiyo ndiyo asili yetu. Kumbe wapi! Mkonge ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ya mmea wa Meksiko, na ni 62 tu iliyofika Tanganyika ikiwa hai. Kutoka hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, baadaye mkonge ukaenea na huku Kenya. Halafu plastiki ikaja, na kuanzia miaka ya 1960 bei ya katani ikaporomoka. Ndiyo maana dukani nailoni imeviringishwa vizuri mbele, na katani ni fungu moja la vumbi nyuma ya misumari.

Kabla ya hapo watu walikuwa na magome ya mbuyu, ngozi, na mkonge pori, ule mmea wa majani yaliyochongoka unaouona kwenye mbuga za Kajiado. Wamasai wanauita oldupai. Bonde maarufu la Tanzania limepata jina hapo, ila Wajerumani waliposikia vibaya wakaandika Olduvai. Fikiria: mahali panapojulikana duniani kote kwa mawe ya kale pameitwa kwa mmea wa kamba.

Na mawe ndiyo yanayobaki. Kwenye barabara ya Magadi, humu humu Kajiado, kuna Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kazi 1942. Kati ya zana zilizopatikana kuna mawe ya mviringo. Leakey alisema yalifungwa kwa kanda za ngozi na kurushwa kwa wanyama. Wengine wakasema ni nyundo tu za kugongea. Nani atawaamua? Kama kulikuwa na ngozi, ilioza kabla hatujawa watu.

Nilirudi na lile fungu la vumbi. Susu akalilowesha, akakaa chini, akaanza kusokota pajani, kisha akasuka nyuzi tatu, kwa sababu kamba iliyosokotwa tu hujizungusha na kufumuka hewani. Akawa anasimulia ulingo wa baba yake. Si huu wa siasa. Ulingo ule wa miti, katikati ya shamba, ambapo msichana alikaa kuamia ndege tangu alfajiri. Hakukosea neno hata moja.

Jioni akanivisha kitanzi kidoleni. Jiwe likapita juu ya mtama, kwelea wakainuka wote kwa pamoja. Susu akacheka. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kama katani imebaki.