Irabu Saba kwa Vitufe Vitano: Nani Hulipa?

Tunapojadili kwa nini fasihi ya Kikuria imeandikwa kidogo, majibu yetu ni yale yale: ukoloni, shule, soko. Yote ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine iliyokaa mezani, haisemwi: taipureta.

Kikuria, kinachosemwa Tarime na pande za Manchira kule Serengeti, kina irabu saba. Taipureta ya Kizungu ilikuja na tano. Basi waandishi wafanyeje? Historia ya Afrika Mashariki inatupa njia tatu. Ya kwanza ni kuzitumia hizo tano: e moja isimamie mbili, na o vivyo hivyo. Ya pili ni ya Wakikuyu, kutia alama juu ya herufi: ĩ na ũ. Ya tatu ilipendekezwa London mwishoni mwa miaka ya 1920, nayo ni kuongeza herufi ɛ na ɔ.

Ukihesabu mapigo ya kidole tu, njia ya kwanza inashinda. Lakini hebu tuwatazame Wachina, ambao suala hili wamelipima sana. Mwaka 1976 Chu Bong-Foo alitoa mfumo wa Cangjie; mwaka 1983 Wang Yongmin akatoa Wubi, unaovunja herufi vipande, isizidi vitufe vinne. Pinyin, maandishi ya Kilatini yaliyopitishwa mwaka 1958, ni rahisi zaidi kujifunza, ndiyo maana imeenea. Ila ukiandika shi, kompyuta inakumwagia orodha ya herufi, nawe uchague. Kwa hiyo mapigo pekee hayatoshi. Muda wa kuchagua nao lazima uhesabiwe.

Turudi kwetu. Anayeandika Kikuria kwa irabu tano naye anaacha orodha ya kuchagua, ila hachagui yeye. Anayechagua ni msomaji! Mwandishi anagonga mara moja, wasomaji mia wanakisia mara mia. Isitoshe, toni haionekani. Katika vitenzi vya Kikuria, toni ya juu inaweza kuanzia sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina, kutegemea njeo. Msimulizi wa Manchira hana shida, sauti yake inasema yote. Karatasi imenyamaza.

Mtu atasema muktadha utamsaidia msomaji. Sawa, kwa barua ya nyumbani. Lakini katika shairi neno moja huweza kubeba ubeti mzima, na hapo kukisia si kusoma.

Tumkumbuke Ngũgĩ wa Thiong'o. Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa mwaka 1980, aliiandika gerezani Kamiti kwa kalamu, juu ya karatasi za chooni. Kalamu haina uhaba wa irabu. Wachapaji ndio waliokuwa nao: kwa miaka mingi majalada yalimwita Ngugi tu, na msomaji mgeni akalitamka jina hilo vibaya.

Leo kompyuta inakubali kupangwa upya. Vitufe vya q na x havina kazi katika Kikuria. Tukiviweka ɛ na ɔ, kila irabu itapata pigo moja, sawa kabisa na njia ya kwanza, na msomaji hatadaiwa kitu. Toni itabaki deni, ndiyo. Lakini deni la irabu linaweza kulipwa sasa, na wa kulilipa ni sisi tunaoandika.