KAIMU, NAIBU, MAKAMU

kaimu nm (wingi *kaimu* au *makaimu*). Kt *kaimu*, kufanya kazi ya mwenye cheo kwa muda
naibu nm (wingi *naibu* au *manaibu*)
makamu nm (wingi *makamu*)

Asili. Yote yametoka Kiarabu. *Kaimu* na *makamu* yana mzizi mmoja wenye maana ya kusimama: *kaimu* ni mwenye kusimama, *makamu* ni mahali pa kusimama. *Naibu* ni mwakilishi.

Matumizi. Mara nyingi maneno haya hubadilishana katika mazungumzo. Katika habari za siasa hayabadilishani, kwa kuwa kila moja hujibu kwa namna yake swali hili: kiti kikiwa wazi, nani hukikalia?

*Makamu.* Rais John Magufuli alipofariki, aliyelitangazia taifa kupitia TBC usiku wa 17 Machi 2021 alikuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan. Tarehe 19 Machi aliapishwa kuwa Rais. Ibara ya 37(5) ya Katiba inamtaka Makamu awe Rais kwa muda uliobaki. Kwa hiyo, kumwita "kaimu rais" baada ya kiapo ni kosa: humfanya Rais kamili aonekane mshika nafasi anayesubiri mwingine.

*Naibu.* Job Ndugai, aliyekuwa mbunge wa Kongwa, alijiuzulu uspika tarehe 6 Januari 2022. Naibu Spika, Tulia Ackson, hakuwa Spika kwa sababu hiyo pekee. Alishika wadhifa huo baada ya kupigiwa kura na Bunge, Dodoma, tarehe 1 Februari 2022. Katiba hairuhusu Bunge kufanya shughuli yoyote, isipokuwa uchaguzi wa Spika, kiti hicho kikiwa wazi. Naibu ni msaidizi, si mrithi.

*Kaimu.* Hutaja hali ya muda, si daraja. Naibu, au mtumishi mwingine aliyeteuliwa, anaweza kukaimu: *Mkurugenzi yuko likizo, naibu wake anakaimu nafasi hiyo.* Mwenyewe akirejea, ukaimu hukoma.

Sarufi. *Naibu* na *kaimu* hutangulia cheo bila kiunganishi: *Naibu Waziri, Kaimu Mkurugenzi*. *Makamu* huenda kwa namna mbili: *Makamu wa Rais*, lakini *Makamu Mwenyekiti*. Katika taarifa za uteuzi, wingi huwekwa kwenye cheo: *Naibu Mawaziri, Naibu Makatibu Wakuu*. Upatanisho ni wa viumbe: *naibu amefika, manaibu wamefika*.

Tahadhari kwa wafasiri. Cheo hakifasiriwi kwa kukisia. Katika vyuo vikuu, *Makamu Mkuu wa Chuo* ndiye mtendaji mkuu wa kila siku, ilhali *Mkuu wa Chuo* aghalabu huongoza mahafali. Mfasiri atakayedhani kwamba makamu ni msaidizi tu atamshusha kiongozi huyo daraja. Thibitisha kwanza jina rasmi la cheo, kisha mamlaka yake. Msikilizaji wa redio hana maandishi ya kurudia. Neno moja likikosewa, ataondoka akiamini kwamba nchi haina Rais au kwamba Bunge limekwisha kumpata Spika.

Tahajia. Katika maandishi ya Zanzibar hukutwa pia *makamo* kwa maana ya *makamu*. Lisichanganywe na *makamo* ya umri: *mtu wa makamo*, yaani asiye kijana wala mzee.

Linganisha: *msaidizi, mwakilishi, mrithi, wakili*.