Majina ya Chembe na Mashine za Kuzigonganisha: Historia ya Istilahi na Kazi Iliyo Mbele Yetu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi majina ya chembe ndogo kabisa za maumbile yalivyopatikana, jinsi lugha yetu ilivyoyapokea, na kwa nini hatuna budi kuanza sasa kutengeneza majina ya mashine na dhana ambazo wanafizikia watazitumia katika miaka ijayo.

Sababu ya kuliandikia jambo hili ni hii. Mnamo Machi 2025, CERN, yaani Shirika la Ulaya la Utafiti wa Nyuklia lenye makao yake karibu na mji wa Geneva, lilitoa ripoti ya uchunguzi juu ya uwezekano wa kuchimba handaki jipya la mviringo katika mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Handaki hilo litakuwa na mzingo wa kilomita 90.7, na litapita chini ya ardhi kwa kina cha wastani wa mita 200 hivi. Uamuzi wa kulijenga au kutolijenga unatarajiwa karibu na mwaka 2028. Likikubaliwa, mashine ya kwanza ndani yake itaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 2040, na ya pili, yenye nishati kubwa zaidi, katika miaka ya 2070.

Mtoto anayeanza darasa la kwanza hapa Gombani sasa atakuwa na umri wa miaka thelathini hivi mashine hiyo ya kwanza itakapowashwa. Swali linalotuhusu sisi wa istilahi ni moja: je, habari zake atazisoma na kuzijadili kwa maneno gani?

Majina yalivyozaliwa

Yafaa tuanze na neno lililo kongwe kuliko yote. "Atomi", ambayo baadhi ya vitabu huiandika "atomu", ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kisichokatika. Wanafalsafa walilitunga wakiamini kwamba maada haigawanyiki bila ya kikomo. Mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kwamba mna chembe ndogo zaidi ndani ya atomi. Mwaka 1911 Ernest Rutherford akaeleza kwamba atomi ina kiini. Na mwaka 1932 John Cockcroft na Ernest Walton wakakipasua kiini kwa mashine. Kisichokatika kikawa kimekatika, lakini jina halikubadilika.

Mfano wa pili ni "leptoni". Neno hili, lililotolewa mwaka 1948, nalo ni la Kiyunani, na maana yake ni kitu chembamba au chepesi. Lilifaa kwa elektroni. Kisha mwaka 1975 ikatangazwa leptoni nyingine, iitwayo tau, yenye tungamo karibu mara mbili ya lile la protoni. Hivyo tuna chembe nzito iliyomo katika jamii ya chembe nyepesi.

Mfano wa tatu ni "kwaki". Murray Gell-Mann alipolitoa neno hilo mwaka 1964, tahajia yake aliichukua katika riwaya ya James Joyce. Hata kwa Waingereza halikuwa na maana iliyohusu fizikia.

Kutokana na mifano hii tunapata funzo la kwanza. Jina linalobeba nadharia ya wakati wake huweza kupitwa na ukweli. Anayetafsiri "atomi" kuwa "kisichokatika", au "leptoni" kuwa "chembe nyepesi", huwa analeta katika lugha yake kosa ambalo wenye jina wenyewe wameshalisahau.

Jinsi Kiswahili kilivyoyapokea

Lugha yetu ilikabiliana na mambo haya kwa njia mbili, na zote mbili zina manufaa.

Njia ya kwanza ni kulipanua neno la wenyeji. Mfano bora ni "umeme". Wayunani waliona kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Kwa hiyo jina la elektroni linatokana na jina lao la kaharabu. Waarabu nao wanauita umeme kwa jina linalotokana na kaharabu. Waswahili hawakufuata njia hiyo. Walitazama juu, wakauona umeme wa mvua, na neno hilo wakalipa nguvu inayopita katika waya. Kadhalika "tungamo" limetokana na kutungama, kama damu au maziwa yanavyotungama. Na "mchapuko" umetokana na kuchapua mwendo.

Njia ya pili ni kukopa. Elektroni, protoni na nyutroni zimeingia kwa sauti zetu na kwa irabu zetu za mwisho. Hapa wapo wanaouliza: kwa nini hatukuchukua "dharra", ambalo ndilo jina la atomi katika Kiarabu cha leo? Swali hili lina uzito katika kisiwa cha Pemba, ambapo mtoto wa chuoni hulisikia neno hilo katika Sura ya Zilzala, likiwa na maana ya kitu kidogo kupita kiasi, kabla hajaisikia atomi shuleni. Lakini upo ugumu. Msemaji wa Kiswahili hasisitizi "r" mara mbili, na "dharra" katika kinywa chake huwa "dhara", yaani hasara au maumivu. Istilahi inayomfanya mwanafunzi adhani kwamba maada yote imejengwa kwa madhara haifai, ijapokuwa asili yake ni njema.

Kazi ya kuyaratibu maneno haya ilifanywa na vyombo vya umma. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar mwaka 1986. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini historia ya kamusi hiyo ina jambo la kusikitisha. Tume ya Rais ya Elimu ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985, na kifike vyuo vikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi ikatoka, madarasa yaliyoihitaji hayakuwapo. Huku Zanzibar nako, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano.

Wanafizikia nao wana mfano unaofanana na huo. Huko Texas, Marekani ilianza kuchimba handaki la mashine ambayo mzingo wake ungekuwa kilomita 87. Mwaka 1993 Bunge la nchi hiyo likaukatisha mradi, baada ya dola kiasi cha bilioni mbili kutumika na zaidi ya kilomita 20 za handaki kuchimbwa. Handaki lilibaki bila ya mashine, kama kamusi yetu ilivyobaki bila ya madarasa.

Mashine na jina lake

Mashine za kuzichapua chembe zilianza zikiwa ndogo. Ile ya kwanza ya mviringo, iliyotengenezwa na Ernest Lawrence na mwanafunzi wake huko California mnamo 1930 na 1931, iliweza kushikwa kwa kiganja. Mwaka 1961 wataalamu wa Frascati, Italia, wakiongozwa na Bruno Touschek, waliwasha mashine ambamo elektroni na chembe zilizo kinyume chake, yaani positroni, zilizunguka zikielekeana ili zipambane. Upana wake ulikuwa mita moja na kitu.

Mashine kubwa ya leo, iliyoanza kazi huko CERN mwaka 2008, ina mzingo wa kilomita 27 hivi. Mkimbiaji katika njia ya mita 400, iliyo kipimo cha viwanja kama huu wetu wa Gombani, angezunguka karibu mara 67 ili kuumaliza mwendo huo. Protoni huumaliza zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja. Ama handaki linalopendekezwa, upana wa duara lake utakuwa kilomita 29 hivi. Kisiwa cha Pemba hakifiki upana huo; tungelichimba hapa, duara hilo lingetokeza baharini mashariki na magharibi.

Je, mashine hii tuiite nini? Magazeti ya Marekani ya miaka ya 1930 yaliziita mashine za namna hii vivunja-atomu, na zipo habari za Kiswahili zinazozieleza kana kwamba kazi yake ni kuvunjavunja. Neno hilo linavutia, lakini linafundisha fizikia isiyo sahihi. Anayesikia "kivunja chembe" hufikiri kwamba wataalamu wanaipasua protoni ili watoe kilichofichwa ndani, kama mtu anavyolipasua embe akatoa kokwa. Sivyo. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba nishati na tungamo vinabadilishana. Chembe mbili zinapogongana, nishati ya mwendo wao hugeuka kuwa chembe nyingine ambazo hazikuwamo kabla. Ushahidi ni chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012. Tungamo lake ni zaidi ya mara 130 ya lile la protoni. Haiwezekani kokwa kuwa zito mara mia kuliko embe lililolibeba.

Kwa hiyo tunapendekeza "kigonganishi", kutokana na kitenzi gonganisha. Jina hili linataja kitendo tu, na kitendo hicho hakitabadilika hata nadharia zikibadilika.

Kuhusu "fizikia mpya"

Wanafizikia wanayo nadharia inayoeleza chembe zote zinazojulikana na kani tatu kati ya nne. Iliwekwa pamoja katika miaka ya 1960 na 1970. Sheldon Glashow, Abdus Salam na Steven Weinberg walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa sehemu yake moja. Tunaiita Kielelezo Sanifu.

Msomaji wa jarida hili atalielewa upesi neno "sanifu". Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya maandishi. Kiswahili Sanifu kikapatikana, nacho kimetufaa sana. Lakini Mpemba anajua kwamba yapo maneno ya lahaja yake ambayo hayakuingia katika kamusi, na kutoingia kwake hakukuyafanya yasiwepo. Ndivyo ilivyo kwa Kielelezo Sanifu. Hakielezi uvutano. Katika umbo lake la awali hakikutazamia kwamba nyutrino zina tungamo, jambo lililothibitishwa huko Japani mwaka 1998. Wala hakisemi chochote juu ya ile maada ambayo wanajimu wanaitambua kwa uvutano wake tu, na ambayo inakadiriwa kuwa mara tano ya maada ya kawaida.

Hayo yaliyo nje ndiyo yanayoitwa "fizikia mpya". Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, upya ni wetu sisi wenye kutafuta. Maumbile yenyewe yalikuwapo tangu zamani. Pili, kikigunduliwa kitu leo, baada ya miaka hamsini hakitakuwa kipya. Aidha, hakuna hakika kwamba kitagunduliwa. Tangu 2012 mashine ya CERN haijapata chembe yoyote ya msingi iliyo nje ya Kielelezo, na wapo wanaouliza kama inafaa kutumia faranga bilioni 15 za Uswisi kwa hatua ya kwanza ya kigonganishi kipya. Wanaoutetea mradi hujibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi hatuwezi kuamua ugomvi huo. Tunachoweza kufanya ni kumpa mwananchi maneno ya kuufahamu.

Mapendekezo

Kanuni tunayoipendekeza ni hii: majina ya chembe yakopwe, kwa kuwa ni ya dunia nzima na mengi yake hayana maana ya kutafsiri, lakini majina ya vyombo, vitendo na dhana yatokane na Kiswahili, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomfundisha mwanafunzi.

Kichapuzi: chombo kinachoziongezea chembe zenye chaji mwendo na nishati kwa nguvu za umeme. Neno hili linaafikiana na "mchapuko".

Kigonganishi: kichapuzi kinachoielekeza mikondo miwili ya chembe ipambane.

Kigunduzi: chombo kinachozingira mahali pa mgongano na kupima chembe zinazotoka.

Chembe kinzani: chembe iliyo sawa na nyingine kwa tungamo, na kinyume chake kwa chaji.

Maada isiyoonekana: maada inayotambuliwa kwa uvutano wake tu. Baadhi husema "maada ya giza". Lakini kitu cha giza huzuia mwanga, na hii huuacha mwanga upite.

Fizikia nje ya Kielelezo: matukio yasiyoelezwa na Kielelezo Sanifu. Linafaa kushika nafasi ya "fizikia mpya" katika maandishi ya kitaalamu.

Hitimisho

Waafrika ya Mashariki hawako mbali na kazi hii. Mwaka 2016 Shule ya Fizikia ya Afrika, ambayo wanafizikia wa CERN ni miongoni mwa waliosaidia kuiendesha, ilifanyika Kigali. Na tangu mwaka 2018 mji huo una Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi. Vijana wetu wanaweza kufika huko, na wengine watafika. Wakirudi nyumbani bila ya maneno, elimu yao itabaki kwao peke yao, na mzazi aliyewasomesha hataweza kuuliza wamejifunza nini.

Tunawaomba walimu wa fizikia wa Unguja, Pemba na bara wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi, kisha watuandikie ni yapi yaliyoeleweka na yapi yaliyokwama. Yaliyokwama tutayarekebisha. Miaka iliyobaki kabla ya kigonganishi kipya kuwashwa inatosha kwa kazi hii, ikiwa itaanzwa sasa.